Ukumbi wa dansi uliofungwa: namna ya kukusanya kumbukumbu zake, kuanzia mlangoni hadi kwenye kaseti

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuandika habari za ukumbi mmoja wa dansi ambao haupo tena, au upo lakini sasa ni ghala, kanisa au maegesho ya magari. Mifano yetu ni ya Dar es Salaam ya miaka ya 1970 na 1980, enzi ambazo bendi zilipiga usiku kucha na kila moja ilikuwa na mtindo wake. Kazi yenyewe ni ileile ukiwa Tanga, Morogoro, Tabora au Mombasa.

Chagua ukumbi, si bendi. Habari za bendi zimeandikwa kiasi, na nyimbo zake zipo redioni. Ukumbi haukuandikiwa. Nani alikata tiketi, jukwaa lilitazama upande gani, watu walirudije nyumbani saa tisa za usiku: hayo yamo vichwani mwa watu wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, na hayamo mahali pengine popote. Ukianza na bendi utajikuta unarudia orodha ya waimbaji ambayo kila mpenzi wa zilipendwa anaijua.

Kabla ya hatua yoyote tenganisha mambo matatu ambayo wasimuliaji huyachanganya: jina la ukumbi, jina la bendi na jina la mtindo. Mlimani Park lilikuwa kwanza jina la baa, ndipo likawa jina la bendi iliyoanzishwa hapo mwaka 1978. Bendi hiyo baadaye ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ikawa DDC Mlimani Park Orchestra, makao yake yakawa DDC Kariakoo, na watu wakaendelea kuiita Sikinde, ambalo ni jina la mtindo. Kwa hiyo mama akikuambia "tulikuwa tunakwenda Sikinde kila Jumamosi", bado hujajua alikwenda wapi. Muulize alishukia kituo gani cha basi.

Ngazi ya miaka

Usimuulize mtu "ilikuwa mwaka gani?" Atakutajia mwaka ili kukuridhisha, nawe utauandika, na utakuwa si wenyewe. Muulize vitu vilivyokuwapo, kisha wewe mwenyewe upige hesabu. Andaa karatasi moja yenye matukio ambayo miaka yake inajulikana, uwe nayo mkobani kila uendako. Kwa Dar es Salaam, hii inatosha kuanzia:

Chama. Kama bendi ilipiga kwenye sherehe za TANU, ni kabla ya tarehe 5 Februari 1977. Kama ni CCM, ni baada ya hapo.

Jina la bendi ya wafanyakazi. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ikawa Juwata, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikawa OTTU, kisha Msondo Ngoma. Mtu anayesema "Nuta" bila kusita mara nyingi anakumbuka miaka ya kabla ya 1978, ila wapo waliolizoea jina hilo wakalitumia miaka kumi zaidi. Lichukue kama dalili, si ushahidi.

Nani alishika maikrofoni. Hapa ndipo penye dhahabu, kwa sababu wanamuziki wa Dar walihamahama na mashabiki wanakumbuka kila hama kama msiba au harusi. Muhidin Gurumo akiwa Nuta ni kabla ya 1978. Akiwa Mlimani Park ni kati ya 1978 na 1985. Akiwa Safari Sound kwa mtindo wa Ndekule ni kuanzia 1985. Remmy Ongala aliingia Dar mwaka 1978 akapiga na Orchestra Makassy, na bendi ya Matimila ikafuata baadaye. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979, Hemedi Maneti wa Vijana Jazz mwaka 1990, Marijani Rajabu mwaka 1995. Ukielezwa kwamba mmoja wao alionekana jukwaani baada ya hapo, msimuliaji amechanganya mtu au bendi. Usimsahihishe hapohapo. Andika pembeni, kisha mwulize kuhusu wimbo.

Usafiri. Daladala zilianza mwaka 1983. Aliyerudi nyumbani kwa daladala hazungumzii mwaka 1979. Yale mabasi marefu ya UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam, yenye kiungo katikati, Ikarus yaliyoitwa kumbakumba, nayo ni alama nzuri.

Televisheni. Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Anayesema alimwona mwimbaji kwanza kwenye televisheni ya nyumbani Dar, kisha akamfuata ukumbini, anakumbuka miaka ya 1990, isipokuwa kama alikuwa Zanzibar, ambako televisheni ilitangulia miaka mingi.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kampeni ya Nguvu Kazi na msako wa wahujumu uchumi wa 1983, Mwalimu Nyerere kung'atuka mwaka 1985: vyote hivi vilibadili usiku wa mjini, na watu wanakumbuka hali ilivyokuwa. Uliza "bia zilikuwa zinapatikana?", "petroli ilikuwapo?" Majibu yatakupeleka karibu zaidi kuliko swali la mwaka.

Ukipata alama mbili zinazokubaliana, andika kipindi, kwa mfano "kati ya 1983 na 1985". Ukiwa na alama moja tu, andika "takriban". Mwaka mmoja kamili uandike pale tu ulipo na karatasi: tangazo la gazeti, stakabadhi, tarehe iliyopigwa muhuri nyuma ya picha.

Kupata watu, na kwa mpangilio gani

Wengi huanza na mwimbaji maarufu. Mwimbaji amehojiwa mara ishirini, na ana hadithi zilizokwisha kunyooka kama shati lililopigwa pasi. Mwanzie mbali. Mtafute mkata tiketi, mhudumu wa kaunta, mchoma mishkaki wa nje, dereva wa teksi aliyekuwa akiegesha pale, fundi mitambo, mlinzi. Fundi mitambo hasa ni hazina: anajua spika zilikuwa ngapi, zilining'inizwa wapi, umeme ulikatika mara ngapi, na gitaa la nani lilikuwa likiunguruma. Kwenye bendi yenyewe anza na mpiga besi, mpiga tumba au mpiga gitaa la rhythm. Walikaa nyuma, waliona ukumbi mzima, na hakuna aliyewauliza.

Wanawake watafute kwa makusudi, la sivyo utaishia na historia ya wanaume watupu. Wengi hawatakubali kirahisi kusema kwamba walikuwa wapenzi wa dansi, hasa kama wajukuu wako sebuleni. Mama mmoja akikubali kuzungumza mbele ya rafiki yake wa zamani, waache wawe pamoja. Wakianza kukumbushana nguo za kitenge walizoshona sare, umefika.

Njia ya kuwapata ni ya mtaa, si ya tangazo. Nenda ulipokuwa ukumbi siku ya kazi asubuhi, uulize mwenye duka la zamani kuliko yote, fundi cherehani, kinyozi, wazee wa kijiwe cha kahawa. Jitambulishe kwa mjumbe wa eneo. Kila utakayezungumza naye, mwombe majina mawili. Baada ya watu kumi utaona majina yaleyale yanarudi. Hao ndio wa kuwafuata mpaka mwisho.

Ziara ya kwanza si ya kurekodi. Shikamoo, habari za nyumbani, eleza unachotafuta, acha kilo mbili za sukari, omba siku. Mzee aliyestukizwa na kinasa sauti hutoa hotuba. Mzee aliyepewa siku tatu za kuwaza hutoa picha kutoka sandukuni.

Kikao cha mahojiano

Saa nzuri ni baada ya alasiri, saa kumi hivi, mzee akiwa ameshapumzika. Epuka Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi. Chagua chumba chenye mapazia, mkeka au makochi ya kitambaa. Chumba cha saruji tupu chenye bati hurudisha mwangwi na maneno hayasikiki vizuri baadaye. Zima feni kama joto linavumilika. Jokofu nalo huunguruma kwenye rekodi kuliko unavyolisikia kwa masikio, basi kaa mbali nalo.

Rekodi kwa vifaa viwili, kwa mfano kinasa sauti na simu. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege. Ikiita katikati, programu nyingi za kurekodi husimama bila kukuambia. Maikrofoni ya kubana kwenye nguo ikae kifuani, kiasi cha shubiri moja chini ya kidevu, isiguse mkufu wala kanzu iliyotiwa wanga. Kama huna, weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 30 hadi 40 kutoka mdomoni, si juu ya meza tupu: kila atakapogonga meza kwa kidole utapata mshindo. Rekodi sekunde 30, sikiliza kwa spika za masikioni, ndipo uanze.

Anza kwa kutaja tarehe, mahali na jina la anayehojiwa, na ridhaa yake isikike kwa sauti yake. Kisha mchezee wimbo mmoja wa bendi iliyokuwa ikipiga pale, wote, bila kuongea juu yake. Mara nyingi ataanza kusema kabla wimbo haujafika kwenye chemko, ile sehemu yake ya kasi. Rekodi hayo pia.

Maswali yawe ya mwili na mahali. Ukitoka nyumbani ulipita wapi? Ukifika mlangoni unamkuta nani? Kiingilio ulimpa nani, na mkononi ulipewa nini? Ulikaa meza ipi, na kwa nini hiyo? Bendi ilianza saa ngapi, na wimbo wa kwanza ulikuwa wa aina gani? Nani alikuwa wa kwanza kuinuka kucheza? Mwimbaji alituzwaje? Ukumbi ulinukia nini? Mlikuwa mkila nini, na kiliuzwa wapi, ndani au nje? Jumapili mchana kulikuwa na bugi kwa vijana? Wimbo wa kufunga dansi ulikuwa upi? Mliondokaje?

Epuka swali la "muziki wa zamani ulikuwa bora kuliko wa sasa, sivyo?" Litakupa dakika arobaini za malalamiko kuhusu vijana, na hakuna hata meza moja ndani yake.

Wanamuziki wa zamani wengi masikio yao yamechoka kwa kusimama mbele ya spika miaka thelathini. Kaa upande wa sikio zima, mtazame usoni, ongea taratibu bila kupayuka. Saa moja na robo yatosha kwa kikao. Ukiona majibu yanafupika, funga. Kikao cha pili baada ya wiki huleta mengi kwa sababu kumbukumbu iliyoamshwa huendelea kufanya kazi usiku.

Mkigusa nani alitunga wimbo fulani, utakuta ugomvi. Mwimbaji anasema ni wake, mpiga solo anasema alileta melodi, mwenye bendi ameuandikisha kwa jina jingine. Andika kauli zote, kila moja na jina la aliyeisema. Usiwe hakimu.

Kila saa ya mazungumzo huchukua saa nne hadi sita kuiandika neno kwa neno. Kama huna muda huo, angalau siku hiyohiyo tengeneza faharasa: kila dakika tano, mstari mmoja wa kilichozungumzwa. Rekodi bila faharasa hakuna atakayeisikiliza, hata wewe.

Ramani ya ukumbi

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayofungua vinywa kuliko zote. Chukua karatasi ya A3, penseli na raba. Chora wewe mstari mmoja tu: barabara. Mpe mzee penseli aweke mlango. Halafu jukwaa, kaunta, jiko, vyoo, mti kama ulikuwapo, sehemu iliyoezekwa makuti na sehemu ya wazi. Akichora, mwache aseme, kinasa kiendelee. Atakapofika kwenye meza ya wakubwa, au kona ya wachumba, au mahali ambapo mashabiki wa bendi pinzani walikaa, tayari hadithi zinatoka bila kuulizwa.

Pata michoro mitatu kutoka kwa watu watatu ambao hawajaonana, na uiweke pamoja. Jukwaa likiwa upande uleule kwa wote, liamini. Michoro ikipingana, mara nyingi sababu si usahaulifu: ukumbi ulikarabatiwa, na mmoja anakumbuka kabla, mwingine baada. Rudi kwenye ngazi ya miaka. Kwa vipimo, mwulize hatua ngapi kutoka kaunta hadi jukwaani, utembee naye uani azihesabu. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75. Kama kuta bado zipo, omba ruhusa upime kwa futi ya mkanda. Tazama pia sakafuni. Sakafu ya kuchezea mara nyingi ilisuguliwa laini kuliko kwingine, na alama ya jukwaa lililobomolewa hubaki kwenye saruji.

Kaseti

Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi bendi nyingi, na nyimbo hizo zinapatikana. Kinachotafutwa hapa ni kitu kingine: kaseti iliyorekodiwa ukumbini, redio kaseti ikiwa imewekwa juu ya meza au karibu na jukwaa. Sauti ni mbaya, lakini humo mna kelele za watu, glasi, na kiongozi wa bendi akitangaza kwamba kesho watakuwa ukumbi wa Amana. Tangazo la namna hiyo lina thamani kuliko wimbo wenyewe, basi usikate hata sekunde moja ya maneno kati ya nyimbo.

Usiicheze kaseti siku unayoipata. Kwanza itazame kwenye mwanga. Unga mweupe au madoa kama ya mkate uliooza ni ukungu: ifunge peke yake kwenye mfuko, vaa barakoa, na umpe fundi mwenye uzoefu, kwa sababu ukiicheza utaisambazia deki, na deki itaziambukiza nyingine zote. Tazama kitambaa kidogo cha kukandamiza kilicho katikati, chini ya utepe; gundi yake hukauka kikadondoka, na bila hicho sauti huja na kutoweka. Kama nyumba ya kaseti ina skrubu tano, ifungue, uhamishie utepe kwenye nyumba nzima. Kama imegandishwa bila skrubu, pasua kwa uangalifu kwenye mshono kwa kisu chembamba, utepe ukiwa umesogezwa mbali. Vunja vile vilango viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti ili mtu asije akairekodia mahubiri.

Deki iwe ya mezani, iliyofanyiwa matengenezo, yenye mipira mipya. Redio kaseti ya barabarani hutafuna utepe. Safisha hedi (kile kichwa kinachosoma utepe), kirungu cha chuma na gurudumu la mpira kila baada ya kaseti mbili au tatu, kwa pamba ya kijiti na alkoholi ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi inayouzwa na mafundi wa elektroniki. Spiriti ya dukani ya kusafishia vidonda huwa na maji na mafuta, huacha utando. Subiri ikauke dakika mbili.

Peleka utepe mbele hadi mwisho, urudishe hadi mwanzo, ndipo ucheze. Utepe uliokaa miaka thelathini hushikana, na mzunguko huo huulegeza. Kaseti za dakika 120 zina utepe mwembamba mno. Hizo zungusha kwa kalamu, kwa mkono, hasa mwanzoni na mwishoni.

Kisha pembe ya hedi. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo yenye springi. Kaseti iliyorekodiwa kwa mashine nyingine husikika kama imefunikwa blanketi, kwa sababu hedi yako haijalala sawasawa na ile iliyorekodi. Cheza sehemu yenye sahani za drums au herufi nyingi za "s", uzungushe skrubu kidogo sana, chini ya robo mzunguko, kulia na kushoto, hadi sauti nyembamba zisikike wazi kabisa. Fanya hivyo kwa kila kaseti, tena upande A na B kila mmoja peke yake. Hatua hii ya dakika moja hurudisha kile ambacho programu yoyote ya kusafisha sauti haitakirudisha.

Dolby, ile swichi ya kupunguza mvumo wa utepe, izime, isipokuwa kama una uhakika kaseti ilirekodiwa nayo, na za ukumbini karibu zote hazikurekodiwa nayo. Unganisha tundu la kutolea sauti la deki na tundu la kuingizia la kadi ya sauti ya USB. Usitumie tundu la spika za masikioni kuingia kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta, utapata mkwaruzo na sauti iliyopasuka. Ukisikia mngurumo wa umeme, ondoa chaja ya kompyuta utumie betri. Rekodi kwa programu ya Audacity, WAV, biti 24, kilohezi 48 (96 kama nafasi ipo), kilele kisizidi desibeli 6 chini ya sifuri. Kaseti ya dakika 60 itachukua kama gigabaiti 1, ya dakika 90 moja na nusu. MP3 tengeneza baadaye, kwa ajili ya kuwatumia watu.

Hata kaseti ikiwa ya mono, rekodi chaneli zote mbili, ya kushoto na ya kulia. Mara nyingi chaneli moja imechakaa kidogo kuliko mwenzake, na utachagua iliyo safi.

Jambo moja litakushangaza: waimbaji wanasikika wembamba kama watoto na dansi inakwenda mbio. Redio iliyorekodi ilikuwa na betri zinazoisha, ikawa inakwenda polepole. Sasa deki yako nzima inaichezesha kwa mwendo wa kawaida. Hali huzidi kadiri kaseti inavyosonga. Rekebisha kwenye nakala, si kwenye faili asili, kwa kulinganisha na rekodi ya redio ya wimbo uleule.

Usiamini kilichoandikwa kwenye ganda. Kaseti ya "Maquis White House", yaani bendi ya Maquis kwenye ukumbi wa White House, inaweza kuwa na Maquis dakika nane, kisha taarabu, kisha harusi ya mtu. Sikiliza yote. Mikanda mikubwa ya rili usiiguse kabisa; hiyo ni kazi ya watu wenye mashine na tanuri maalumu.

Picha

Picha zilizokwama kwenye albamu zenye gundi zitenganishe kwa uzi wa meno, ukiupitisha taratibu kama msumeno. Zilizoganda kwenye kioo cha fremu ziache, zipige skani na kioo chake. Skani kwa nukta 600 kwa inchi, hasi za filamu kwa 2400 au zaidi, na uhifadhi kama TIFF. Nyuma ya picha nako skani, hata kama unaona patupu: muhuri wa studio, namba ya penseli, wino uliofifia. Ukiwa na simu tu, weka picha karibu na dirisha lisilopigwa na jua, zima mwanga wa simu, simu ilale sambamba na picha, na zima kile kinachopamba nyuso.

Mwenye picha aseme nani ni nani, kutoka kushoto kwenda kulia, huku kinasa kikiendelea. Kisha mwulize vilivyo nyuma ya watu. Pazia la jukwaa, bango la kiingilio, kiti cha chuma, aina ya amplifaya: hivyo ndivyo vinavyothibitisha kwamba hapo ni ukumbini, si studio ya mpiga picha yenye pazia la kuchorwa.

Picha isilale kwako. Piga skani nyumbani kwa mwenyewe, uirudishe mkononi mwake kabla hujaondoka. Wazee wengi walishapoteza albamu zao kwa watafiti walioahidi kurudi.

Karatasi

Matangazo ya dansi yalichapishwa magazetini karibu na mwisho wa wiki. Uhuru, Mzalendo, Daily News na Sunday News ndiyo ya kuanzia. Ngurumo kwa miaka ya kabla ya 1976. Maktaba Kuu ya Taifa na kitengo cha East Africana cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vina majuzuu ya magazeti ya zamani. Usisome gazeti zima. Chukua matoleo mawili ya kila wiki, la Ijumaa na la Jumamosi, tazama kurasa za matangazo tu. Mwaka mzima ni matoleo 104, na kwa dakika tatu kila moja ni kazi ya zaidi kidogo ya saa tano. Jaza jedwali: tarehe, gazeti, ukurasa, ukumbi, bendi, saa, kiingilio, maneno ya tangazo kama yalivyo. Tangazo linathibitisha kwamba dansi lilipangwa tu. Umeme, mvua na mwimbaji aliyehama usiku wa jana havikutangazwa.

Pia kumbuka kwamba bendi nyingi zilimilikiwa na mashirika: Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya Shirika la Bima, Reli, Bandari, Polisi, JKT. Penye shirika pana mishahara, orodha ya vyombo, barua za likizo. Barua ya kuomba ruhusa iandike kwa jambo moja mahususi, kwa mfano "orodha ya vyombo vya muziki, 1975 hadi 1985". Ombi la "historia ya bendi" hulala kwenye trei.

Ruhusa, na kurudisha

Umiliki wa kaseti si umiliki wa wimbo. Kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania, haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo warithi wapo na wana sauti. Vipande vifupi kwa ajili ya kueleza ni jambo moja. Kuweka mkanda mzima mtandaoni ni jingine, na linahitaji idhini yao au maelekezo ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Fomu ya ridhaa iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, yenye visanduku vitatu: sauti yangu itumike, picha zangu zitumike, jina langu litajwe. Mtu anaweza kukubali viwili akakataa cha tatu. Majina ya wapenzi, wake na waume wa watu yaliyotajwa kwenye mazungumzo yaondoe kwenye kila kitakachochapishwa, hata kama msimuliaji hakukuomba.

Faili zipe majina yanayojieleza: mwaka-mwezi-siku, ukumbi, aina, namba. Nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, moja ikae nyumba nyingine.

Halafu rudi. Msimuliaji apate sauti yake mwenyewe kwa njia anayoweza kuicheza: kwa mzee mwenye redio ya flashi, MP3 kwenye flashi, ikiwa na nyimbo za bendi yake na mazungumzo yake mwishoni, kwa mwingine, picha iliyosafishwa kwenye karatasi, ukubwa wa A4, yenye majina yote chini. Usitume kwa WhatsApp peke yake, hupunguza ubora wa picha. Mpelekee na ramani ya ukumbi iliyounganishwa kutoka michoro mitatu, pamoja na penseli. Atasogeza kaunta.